Leseni nyingi Greenland, lakini migodi iko wapi?

Mwalimu, Chumbageni, Tanga:
Assalam alaikum ndugu zangu. Juzi, barazani baada ya sala ya alasiri, mjomba wangu alishikilia kwamba wageni wamekwisha kuimaliza Greenland kwa kuchimba, na kwamba Wainuiti wamebaki kutazama. Kwa kuwa nafundisha jiografia, nilikwenda kusoma ili nimjibu, na nilichokikuta kimenichanganya zaidi: leseni zimetolewa kwa miaka mingi kwa kampuni za Australia, Uingereza, Kanada na China, ilhali migodi inayofanya kazi ni ya kuhesabika kwa vidole. Je, kinachozuia ni barafu, ni fedha, au ni wenyeji wenyewe?

Mstaafu wa bandari:
Waalaikum salaam mwalimu. Barafu inasingiziwa mno. Tazama chuma cha Isua, kilomita zipatazo 150 kutoka Nuuk, mji mkuu wa Greenland. London Mining ilipewa leseni ya kuchimba mwaka 2013, kwa mpango wa kusafirisha tani milioni 15 kila mwaka. Mwaka uliofuata bei ya chuma iliporomoka, na mgodi wake wa Marampa, Sierra Leone, ambao ndio uliokuwa ukiiingizia fedha, ukakumbwa na Ebola; kampuni ikafilisika. Leseni ilichukuliwa na General Nice ya Hong Kong mwaka 2015, ikakaa nayo bila kuchimba, hadi serikali ya Greenland ilipoifuta mwaka 2021.

Halafu kuna usafirishaji, jambo ambalo nimelifanyia kazi ujana wangu wote. Hapa Tanga, kwa miaka mingi, meli kubwa zilitia nanga nje na marobota ya katani tukayapeleka kwa matishari. Kila robota lilinyanyuliwa mara mbili, mara ya pili tishari likipanda na kushuka na mawimbi, na kila mnyanyuo ulikuwa na gharama yake. Na hiyo ni bandari yenye reli na mji nyuma yake. Greenland miji haiunganishwi kwa barabara, kwa hiyo mwekezaji hulazimika kujenga gati, umeme na nyumba za wafanyakazi kabla hajauza hata tani moja.

Mwanasheria, Ngamiani:
Shikamoo mzee. Wenyeji nao wamezuia, tena kwa kura. Mlima wa Kuannersuit, karibu na mji wa Narsaq, una madini adimu yaliyochanganyika na urani. Kampuni ya Australia, yenye Shenghe ya China miongoni mwa wanahisa wake, ilikuwa imefika mbali, lakini uchaguzi wa Aprili 2021 ulikipa ushindi chama cha Inuit Ataqatigiit kilichoupinga mradi huo, na kabla ya mwaka kwisha bunge likapiga marufuku uchimbaji pale ambapo urani inazidi sehemu 100 katika milioni. Kampuni ilikwenda kwenye usuluhishi mwaka 2022 kudai haki yake. Anayedhani huo ni woga mtupu aitazame Maarmorilik, ambako zinki na risasi zilichimbwa kati ya 1973 na 1990 na mabaki yakamwagwa kwenye hori la bahari. Risasi ikaonekana hata kwenye kome na mwani.

Mchoma chokaa, Pongwe:
Ndugu mwanasheria, mimi naona hesabu ya fedha ina uzito kuliko hofu. Kwetu, tangu 2017, Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni ya mgodi mkubwa bila kuzilipia. Kwa Greenland, sheria ya kujitawala ya 2009 inasema kwamba mapato ya madini yakizidi kroni milioni 75 kwa mwaka, nusu ya ziada hiyo hukatwa katika ruzuku itokayo Denmark, ambayo Greenland ni sehemu ya ufalme wake. Vumbi lote ni lako, na mapato umekatwa nusu! (Mwalimu, wanafunzi wasiichanganye na Antaktika: huko Itifaki ya Madrid ya 1991 imekataza kabisa uchimbaji wa madini.)

Mwalimu, Chumbageni:
Nawashukuru. Ya Marampa nitampelekea mjomba kesho. Ila kampuni ikifilisika namna hiyo, anayesafisha ni nani?

Mwanasheria, Ngamiani:
Ndiyo maana mchimbaji hutakiwa kuweka dhamana ya fedha mapema, na General Nice ilipopokonywa Isua, mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba haikuwa imeilipa.