Tupeane uzoefu: kompyuta ya injini inapokufa kwenye gari la zamani

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya wale waliowahi kubadilisha kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu wengi huiita kontroli boksi, hasa kwenye magari ya miaka ya 1990 ambayo bado tunayategemea kila siku. Kila mmoja aeleze dalili alizoziona na hatua alizochukua, na zaidi ya yote aseme ni nini kilichoiua kompyuta yenyewe, maana hapo ndipo fedha zetu nyingi zinapopotelea. Naanza na kisa changu.

Ninaishi Iringa, na gari langu ni Mark II ya mwaka 1994 yenye injini ya 1JZ-GE. Mwezi Juni mwaka juzi lilianza kugoma asubuhi. Nilipofungua swichi, taa ya cheki injini, ambayo kwa kawaida huwaka kwanza na kuzimika injini inapoanza kunguruma, haikuonekana kabisa; starta ilizunguka vizuri, lakini moto haukupatikana. Ilipofika saa nne, jua likishapiga kwenye kioo cha mbele na ndani ya gari kukapata joto, taa ile iliwaka na gari likaondoka kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Kwa wiki tatu nilibadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta, na asubuhi iliyofuata gari liligoma vilevile.

Aliyenisikiliza mpaka mwisho ni kijana mmoja fundi umeme. Alikuja nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akafungua kava iliyo upande wa miguu ya abiria, akaazima draya ya nywele ya mke wangu, akaipuliza kompyuta kwa hewa ya moto kwa dakika tano hivi. Taa ikaja, na gari likawaka hapo hapo. Tulipoifungua kompyuta yenyewe, tulipokewa na harufu ya samaki aliyechina. Kapasita tatu za mviringo, yaani vifaa vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi, kila moja ndogo kuliko ncha ya kidole, zilikuwa zimevuja miguuni, shaba iliyozizunguka imegeuka kijani, na mstari mmoja mwembamba wa bodi umelika mpaka ukakatika. Alinieleza kwamba ndani ya kapasita za aina hiyo mna kimiminika ambacho hukauka au kuvuja baada ya miaka mingi, na kwamba zikishachoka, baridi huzidisha udhaifu wake. Ndiyo maana gari lilikuwa likingoja jua.

Kosa langu lilifuata baada ya hapo. Badala ya kumwachia kijana yule aitengeneze, niliagiza kompyuta iliyotumika kutoka Dar es Salaam kwa kutazama picha tu. Kompyuta za injini za Toyota hubeba namba inayoanza na 89661, ikifuatiwa na tarakimu nyingine tano, na tarakimu hizo tano ndizo zinazotofautisha gari na gari. Niliyoletewa ilifanana na yangu kwa umbo na kwa soketi, lakini ilikuwa imetolewa kwenye gari la gia za mkono. Injini iliwaka na kushika sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) vizuri, ila nilipoweka D gari likawa zito kuondoka, kwa sababu gia boksi ya otomatiki ya gari hili huongozwa na kompyuta hiyo hiyo, na isipopata amri hubaki kwenye gia ya juu. Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Nilirudi kwa kijana yule na kompyuta yangu ya awali. Akaisafisha bodi kwa spiriti, akafunga kapasita mpya za kiasi kilekile zenye kuhimili nyuzi joto 105, akaunganisha mstari uliokatika kwa uzi mmoja wa waya mwembamba. Baridi mbili zimepita tangu siku hiyo, na gari linawaka kila asubuhi.

Mdau wa Mombasa

Ahsante ndugu yangu kwa kuanzisha jambo hili. Mimi ninao ushahidi wa upande wa pili, yaani kompyuta iliyohukumiwa kufa ilhali ni nzima. Corolla yangu ya injini ya 5A-FE ilizimika ghafla karibu na kivuko cha Likoni, na mafundi wawili kwa nyakati tofauti waliniambia ninunue kompyuta nyingine. Nilinunua ya kwanza, gari halikuwaka. Nikanunua ya pili, nayo ikawa vivyo hivyo. Fundi wa tatu, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, hakugusa kompyuta. Alichukua mita yake, akapima waya unaoandikwa VC kwenye michoro, ambao kompyuta huutumia kupeleka volti 5 kwenye sensa, akakuta karibu na sufuri. Kisha akaanza kuchomoa sensa moja baada ya nyingine huku mita ikiwa palepale. Alipochomoa sensa ya mgandamizo wa hewa, volti 5 zikarudi papo hapo. Sensa ile ilikuwa imepiga shoti ndani, ikawa inauangusha umeme wote wa sensa, na kompyuta yoyote ambayo ningeifunga pale ingeonekana imekufa. Kompyuta mbili nilizonunua bado ninazo kabatini.

Mdau wa Mwanza

Shikamooni wakubwa. Gari langu ni RVR ya mwaka 1995 yenye injini ya 4G63. Sailensa ilikuwa inapanda na kushuka, halafu gari likawa linazimika kila nilipokanyaga breki kwenye makutano. Kompyuta ilipofunguliwa, chipu moja ilionekana imeungua juu, na ngozi yake imepasuka. Tukafunga kompyuta nyingine yenye namba zilezile, gari likatulia. Jioni ya siku hiyo hiyo tatizo likarudi, na tulipoifungua tukakuta chipu ileile imeungua mahali palepale. Hapo ndipo fundi alipokumbuka kupima mota ndogo inayorekebisha hewa ya sailensa. Koili zake zinapaswa kusoma kati ya omu 28 na 33; mbili kati ya zile za kwangu zilisoma omu 6. Mota mbovu ilikuwa inavuta umeme mwingi kupita uwezo wa chipu inayoiendesha. Ningeomba kila atakayesoma hapa asikubali kompyuta mpya ichomekwe kabla mota hiyo, koili na nozeli hazijapimwa, kwa sababu kompyuta ya pili niliilipia kwa mkopo wa kikoba na haikumaliza siku moja.

Mdau wa Dodoma

Mimi nitaongeza habari ya ufunguo wa chipu. RAV4 yangu ya mwaka 2001 ililetwa kutoka Uingereza, na ilipofungwa kompyuta iliyotumika yenye namba sahihi kabisa, starta ilizunguka lakini injini haikushika, kwa sababu kompyuta ile ilikuwa bado inautambua ufunguo wa gari lake la zamani. Fundi alitoa chipu ya kumbukumbu yenye miguu minane kwenye kompyuta yangu mbovu na kuihamishia kwenye nyingine, na ufunguo wangu ukakubaliwa. Kwa hiyo kompyuta mbovu isitupwe wala kuachwa dukani kama sehemu ya malipo mpaka gari liwake.

Mdau wa Bukoba

Yangu iliuawa na kuchomelea. Tulichomelea mshikio wa sailensa ya moshi bila kuchomoa waya wa hasi wa betri, na tangu dakika ile gari halikuwaka tena. Sasa hata kompyuta ikichomolewa tu kwa ajili ya kusafishwa, betri hutangulia kufunguliwa.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote kwa makini, na nawashukuru kwa moyo wote. Kuna aliyeniuliza pembeni namna ya kusoma makosa kwenye magari haya bila mashine. Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo kuna kiboksi cha plastiki chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa majina. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini hupepesa kwa kuhesabika, na hesabu hiyo ndiyo namba ya kosa. Kwa mfano, 22 ni sensa ya joto la maji. Taa isipowaka kabisa, kama ilivyokuwa kwangu, kagua kwanza taa yenyewe, fyuzi, rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme) na waya za ethi, yaani za hasi, zilizofungwa kwenye injini, kwa sababu kompyuta isiyopata umeme au ethi huonyesha dalili zilezile za kompyuta iliyokufa.

Na wewe ndugu wa Mombasa, baada ya kusoma kisa chako nilishuka na mita mpaka kwenye gari. Waya wa VC umesoma volti 5.02, nami nimeiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino ndani ya kava, pamoja na zile tarakimu tano, ili fundi atakayefungua siku nyingine azikute.