Naomba ushauri: Baba mkwe alipigana Vietnam, sasa hajiwezi, na wakala anataka dola 2,500

Mkwe wa Columbus
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Ohio mwaka wa tisa, nimeolewa na Mmarekani na tunaishi na baba yake, miaka 78. Alikuwa Vietnam 1968 hadi 1969. Sasa ana Parkinson, ugonjwa wa neva unaokakamaza mwili. Kuvaa, kuoga, kula, yote mpaka ashikwe. Nimepunguza zamu kazini nibaki naye. Nyumba ya wazee tuliyoulizia inataka zaidi ya dola 8,000 kwa mwezi, hatuna.

Kuna wakala anasema VA, idara ya serikali ya wanajeshi wa zamani, ina nyongeza ya pensheni kwa mwanajeshi wa zamani anayehitaji mtu wa kumhudumia, wanaiita Aid and Attendance. Anataka dola 2,500 atujazie fomu. Nimpe?

Bint Pangani
Dada, pole. Mimi nakuomba tu usimtoe mzee nyumbani. Bibi yetu alilala kitandani miaka sita, tulimgeuza kwa zamu, hata kidonda hakupata. Radhi ya mzee hainunuliwi.

Luteni Usu
Wenzetu wana mfumo. Baba yangu alivuka Mto Kagera na jeshi 1979, goti halikupona mpaka tunamzika. Sisi watoto ndio tuliokuwa matunzo yake, anayeweza analeta unga, asiyeweza anakuja kumkanda. Mtunze mzee wako.

Boksi la Usiku
Tujibu swali jamani. Nahudumia wazee Minnesota mwaka wa 14. Usimpe huyo wakala hata senti, sheria hairuhusu kutoza ada ya kuandaa dai la kwanza VA. Ohio kaunti zote 88 zina ofisi ya wanajeshi wa zamani na wanakujazia bure. Tafuta DD-214, hati yake ya kutoka jeshini. Daktari ajaze fomu 21-2680. Na leo hii pelekeni VA taarifa ya kusudio la kudai, inawashikia tarehe ya dai mwaka mzima.

Ila niambie, mzee ana kiasi gani benki? Na kuna hela iliyotoka miaka mitatu hii?

Mkwe wa Columbus
Ana kama elfu 40. Hiyo ya hela kutoka sijaelewa.

Boksi la Usiku
Nadhani umeelewa.

Mkwe wa Columbus
Sawa. Mwaka jana mwezi wa nne alitupa dola 60,000. Tunajenga Kigamboni. Alitoa mwenyewe, akili timamu, akasaini mbele ya mtu wa benki. Na miaka minne namwosha mimi, sio mabinti zake. Wakala anasema tuiandike kama mkopo. Kishika uchumba cha dola 500 nimeshampa, ndiyo maana naona bora nimalizane naye.

Mzee Kijiwe
Hii ni chai. ID ina siku mbili. Mzungu atoe zaidi ya milioni 150 mkwe ajenge Kigamboni? Kesho ataweka namba ya mchango hapa.

Bint Pangani
Hata mimi nimeanza kushtuka.

Mkwe wa Columbus
Sijaomba shilingi ya mtu. Huku ni saa kumi alfajiri, nimetoka kumgeuza. Dawa yake ya kwanza ni saa kumi na mbili kamili. Ikichelewa nusu saa anaganda katikati ya chumba, mguu hautoki sakafuni, naweka fimbo chini mbele yake airuke ndipo atembee. Nitunge ili iweje?

Boksi la Usiku
Ile fimbo ya chini nami naitumia kazini. Namwamini.

Dada, usiandike mkopo ambao haukuwepo. Huo ni uongo kwa serikali, na jina litakalokuwa kwenye fomu ni la mzee, si la wakala. Ni kweli VA wanatazama zawadi za miezi 36 nyuma na wanaweza kukunyima pensheni mpaka miaka mitano. Lakini adhabu inapigwa kwa ile sehemu tu ambayo ingempitisha kikomo cha mali, na kwa 2025 kikomo kilikuwa dola 159,240. Nyumba anayoishi haihesabiwi. Arobaini na sitini ni laki moja, ongeza mapato yake ya mwaka, toa gharama za matibabu. Huenda umejificha bure.

Na huyo wakala hakuuliza mzee anaumwa nini? Aliyekanyaga Vietnam miaka ile akaja kupata Parkinson, VA inahesabu imetokana na Agent Orange, ile sumu ya kuua majani. Hiyo ni fidia, haitazami akiba. Akipewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 70 kwenda juu, VA inawajibika kumpa nyumba ya wazee akiihitaji, na upo mpango wa posho kwa ndugu anayemhudumia nyumbani. Fidia na pensheni hazilipwi pamoja, unapata iliyo kubwa. Anza na fidia.

Mkwe wa Columbus
Miaka minne. Hakuna aliyewahi kuniambia hili.

Bint Pangani
Samahani kwa kukushuku. Mawifi zako wanajua habari ya Kigamboni?

Mkwe wa Columbus
Hawajui. Mume wangu alitaka iwe hivyo.

Luteni Usu
Wakae chini na kaka yao kabla karatasi hazijaanza kutembea.

Mkwe wa Columbus
DD-214 nimeipata, ilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chake. Jumanne saa tatu tunakwenda kaunti. Wifi mkubwa nimempigia, nimemwomba aje Jumapili. Sijamwambia ni la nini.