Nimeanza darasa la dansi nikiwa na miaka 43: mbona miguu inanigomea muziki ukiwekwa?

Mwanagenzi43

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nina umri wa miaka 43, na sikuwahi kufundishwa dansi ya aina yoyote mpaka mwezi uliopita, nilipojiandikisha katika darasa la salsa la watu wasiojua lolote. Nimekwisha kuhudhuria vipindi vinne. Mwalimu anapohesabu polepole bila muziki naenda naye vizuri kabisa: moja, mbili, tatu, natulia, tano, sita, saba, natulia. Muziki ukiwekwa, hesabu inanitoka, na jambo la ajabu ni kwamba hunitoka mahali palepale kila mara. Nikifika tano, mguu unaotaka kuondoka ni wa kushoto, uleule niliotangulia nao kwenye moja, wakati wenzangu wote wanarudi nyuma kwa wa kulia. Hapo huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, ingawa viatu ninavyovaa havina kamba.

Nyumbani nimetazama video nyingi, na nikiwa nimeketi naona kila kitu kinaeleweka. Darasani nasimama mstari wa nyuma ili nisiwasumbue wengine. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami naanza kuamini kwamba nimekwisha kukauka. Je, hili ni suala la umri, au kuna kosa ninalolifanya bila kulijua? Na je, niache kwanza darasa la pamoja nimtafute mwalimu wa kunifundisha peke yangu? Niongeze pia kwamba goti la kulia linaniuma kidogo tangu tulipoanza kujifunza kuzunguka.

Bi. Nyonga Ngumu

Pole, ndugu yangu, na hongera kwa kufikisha vipindi vinne, maana wengi huishia cha pili. Mimi nilianza nikiwa na miaka 51 na sasa nina 58, kwa hiyo habari za samaki mkavu nazifahamu vizuri.

Nitakueleza jambo ambalo mimi nililielewa baada ya miezi mitatu ya kuhangaika: kosa lako haliko kwenye tano, liko kwenye tatu. Kwenye moja unapeleka mguu wa kushoto mbele. Kwenye mbili unaurudisha uzito kwenye wa kulia uliobaki nyuma. Kwenye tatu unaurudisha wa kushoto kando ya mwenzake. Mtu mgeni huuweka pale kama anayeegemeza baiskeli ukutani: umefika, lakini haujabeba kitu. Uzito wote bado uko kulia, na mguu uliobeba mwili hauwezi kuondoka, hivyo tano inapoita, ulio huru ni wa kushoto, na ndio unaoitika. Miguu yako haijakugomea hata kidogo. Imetii kile ulichoipa. Mwalimu anapohesabu polepole unapata nafasi ya kulisahihisha kosa hilo kwenye ile nne ya kutulia bila hata kujua kwamba umelisahihisha, lakini muziki haukupi nafasi hiyo.

Jipime hivi. Bila muziki, hesabu moja, mbili, tatu, kisha ganda. Sasa inua mguu wa kulia wote kutoka sakafuni. Ukiinuka bila wewe kuyumba, uzito umehama. Ukilazimika kwanza kujisogeza kushoto ndipo uuinue, basi haukuhama, na umepata jibu la swali lako. Fanya hivyo hivyo kwenye saba kwa kuinua wa kushoto. Mimi nilifanya zoezi hili nikiwa nasubiri maji yachemke, na lilinifaa kuliko video zote nilizozitazama.

Kuhusu kasi, usijilaumu. Nyimbo nyingi za salsa huvuka mapigo 160 kwa dakika, ilhali waltz ya polepole huchezwa kwa mapigo kama 84 hadi 90. Programu nyingi za kuchezea muziki zinakuruhusu kupunguza kasi hadi asilimia 75; anzia hapo.

Mkufunzi wa Jioni

Ninafundisha watu wazima, na ninakubaliana na Bi. Nyonga Ngumu kuhusu uzito. Nusu ya kazi yangu na wanafunzi wapya ni hiyo. Ninayo machache ya kuongeza.

Kwanza, ondoka mstari wa nyuma. Mara darasa linapogeuka kutazama upande wa pili, aliyejificha nyuma ndiye anayekuwa wa mbele kabisa, hana wa kumwangalia, na watu wote wanamwangalia yeye. Nimewaona wanafunzi wakitoweka darasani kwa sababu ya dakika moja ya namna hiyo. Simama katikati, ili popote mtakapogeukia uwe na mtu mbele yako. Pia jitahidi kuwa nyuma ya mwalimu, kwa sababu mwalimu anayekutazama usoni, wa kushoto wake uko mkabala na wa kulia wako, na ubongo unaobeba hesabu mpya hauhitaji mzigo mwingine wa kugeuza pande.

Pili, goti. Bila shaka unavaa viatu vya mazoezi vyenye soli ya mpira. Soli hiyo imetengenezwa ili ing'ang'anie sakafu, na ukizunguka huku unyayo umekwama, msokoto wote unaishia kwenye goti, ambalo kimsingi ni kiungo cha kukunja na kunyoosha. Tafuta viatu vyenye soli ya ngozi inayoteleza kidogo, na unapozunguka uzito uwe sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikiwa kimeinuka kidogo tu. Goti likivimba au likiuma hata unapopanda ngazi, acha kucheza na umwone daktari.

Kuhusu umri, tofauti ninayoiona kati ya mtoto na mtu mzima ni kwamba mtoto huiga mwili mzima kwa pamoja, wakati mtu mzima hutaka kwanza maelezo, kisha huinamisha kichwa kuitazama miguu yake kama anayehofia itaibwa. Kichwa ni kizito; kikiinama, mizani ya mwili inavurugika. Tazama mbele. Na ufanye dakika kumi kila siku badala ya saa nzima mwishoni mwa juma.

Mshika Mdundo

Naomba kutofautiana kidogo kuhusu kupunguza kasi. Inasaidia kwa siku chache, lakini ukiizoea utajifunza kucheza muziki ambao haupo. Mimi niliuacha wimbo uende kwa kasi yake ileile, nikaziweka kando hatua: nilitembea tu sebuleni, mguu mmoja kwa kila pigo, mpaka nikaacha kuhesabu. Hatua nikazirudisha baadaye.

Kuhusu mwalimu wa peke yako, sikushauri sasa. Nilichukua vipindi kumi vya namna hiyo nikaamini kwamba nimeiva. Siku niliyocheza na mtu mwingine ndipo nilipogundua kwamba mwalimu wangu alikuwa akiyafunika makosa yangu yote kimyakimya: nikichelewa ananisubiri, nikisahau kumwongoza anazunguka mwenyewe. Darasani mnabadilishana wenza, na mgeni mwenzako hana uwezo wa kukufichia. Anakwenda pale ulipompeleka, hata kama ulikusudia pengine.

Mwanagenzi43

Shikamoo Bi. Nyonga Ngumu, na ahsanteni nyote. Zimepita wiki mbili, nami nimeona vema nilete majibu.

Nilifanya zoezi la kuganda kwenye tatu usiku uleule. Mguu wa kulia haukuinuka. Nilibaki nimesimama nikicheka peke yangu, kwa sababu kwa mwezi mzima nilikuwa nikiitafuta dosari kwenye hesabu. Baada ya siku kama tano ulianza kuinuka wenyewe, na katika kipindi cha sita nilimaliza wimbo mzima, kwa kasi yake kamili, nikipotea mara mbili tu, na mara zote mbili niliingia tena kwenye moja bila kusimama. Ushauri wa kutembea kwanza nao nimeuchukua, kwa sababu kupunguza kasi kulinifanya nisinzie.

Kusimama katikati kulinitia hofu kuliko yote, mpaka nilipogundua kwamba jirani yangu wa kushoto naye alikuwa akiniangalia mimi ili ajue aende wapi, maskini. Goti limetulia tangu nilipobadili viatu. Kosa langu sasa limehamia kwenye nne: badala ya kutulia ninakanyaga. Nimeambiwa niuvute mguu wa kulia taratibu kuelekea nyuma katika pigo hilo, bila kuutua, ili tano inapofika uwe umekwisha kukaribia.