Halmashauri inahamisha karavani kutoka kiwanja hiki kwenda kile, halafu inaita hiyo kazi

Wakuu, nina hasira na leo nasema yote.

Nipo Uingereza. Karavani (nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari) za Wasafiri wa Ireland, jamii ya asili ya Ireland yenye desturi ya kuhamahama, zimeingia tena kwenye kiwanja cha mtaani kwetu, pale watoto wanapochezea mpira. Halmashauri ilichofanya ni kumtuma kijana mwenye reflekta, akabandika karatasi ya kuwataka waondoke kwenye kila karavani, akapanda gari akaenda zake. Pipa la taka hakuna. Choo hakuna. Jana mama mmoja alinigongea mlango, ana madumu mawili na mtoto mgongoni, anaomba maji. Halafu watu wanashangaa taka kurundikana nyuma ya goli!

Najua kinachofuata. Mahakama itatoa amri, madalali wa mahakama watakuja kuwaondoa, karavani zitavuka barabara na kuingia kwenye maegesho ya bustani nyingine ya halmashauri hiyohiyo. Karatasi zitaanza upya. Kwetu yataletwa mabonge ya zege kuziba lango, na mwenye kigari cha mtoto hapiti tena. Zege, madalali, mawakili, vyote vinatoka kwenye kodi yetu.

Nilipompigia diwani akaniambia polisi ndio hawataki kusaidia. Si kweli! Kifungu cha 62A cha sheria ya 1994 kinawaruhusu polisi kuwahamisha watu bila hata kwenda mahakamani, mradi ipo nafasi ya halali ya kuwapeleka ndani ya eneo la halmashauri. Yetu haina hata moja. Sheria ya 1968 ilizibana halmashauri zitenge maeneo ya karavani zao, ile ya 1994 ikafuta wajibu huo. Wales waliurudisha mwaka 2014. England mpaka leo kimya.

Na msije hapa na habari za "wafungwe tu". Kwa wanaokataa kuondoka, sheria ya 2022 tayari ina kifungo cha hadi miezi mitatu na kukamatwa kwa gari. Karavani ndiyo nyumba yao, ukiikamata watoto wanalala wapi? Mei 2024 Mahakama Kuu ilisema hata lile katazo la sheria hiyo, la kutorudi kwa miezi 12 pale walipoondolewa, linakiuka haki zao, kwa sababu nafasi za kupumzika njiani ni haba mno. Halmashauri ya Basildon mwaka 2011 ilimwaga mamilioni ya pauni kubomoa Dale Farm, makazi ya Wasafiri yaliyojengwa bila kibali, na baadhi ya familia zikaishia kuegesha barabarani palepale jirani.

Jiji la Leeds, kaskazini mwa England, wameamua tofauti, na si jana. Wanakaa na familia, wanakubaliana mahali na muda, halmashauri inaleta mapipa na vyoo, wao wanatunza usafi. Kwa nini kwetu ishindikane?

Mlioko Leeds naomba mniambie: mapipa huletwa baada ya siku ngapi, na nani huchagua mahali? Kikao cha madiwani ni Alhamisi. Nitakuwepo, na safari hii siondoki bila jibu la maandishi.