Kwotabeki wa chuo: mnaanza na mkono au na kichwa?

Bandarini (Mtwara)

Habari zenu wadau. Huku Shangani tuna kikundi kidogo tunaofuatilia mpira wa Kimarekani. Tunachanga bando, mmoja analeta laptop, na mechi za Jumapili zinazoanza saa mbili usiku tunazitazama pamoja. Zile za alfajiri anabaki nazo mwenye zamu ya usiku. Kila mwaka, kabla ya drafti ya NFL mwezi wa nne, yaani siku timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi, kila mtu anaandika majina ya vijana wa vyuo anaoamini watafika mbali. Karatasi zinatunzwa, kisha tunazifungua baada ya misimu kadhaa.

Safari hii tumebishana kuhusu makwotabeki, wale wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi, mpaka watu wamenuniana. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba kwotabeki anapimwa kwa mkono: anarusha umbali gani, mpira unakwenda kwa kasi gani, na yeye mwenyewe ana urefu gani. Mimi nashikilia takwimu: pasi zilizofika, tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), pasi zilizonaswa na wapinzani. Tukirudi nyuma tunaona njia zote mbili zimewaangusha hata wenye timu, na wao wana maskauti, yaani watafuta vipaji, kila jimbo. JaMarcus Russell wa chuo cha LSU alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2007 na Oakland Raiders, mkono wake ukiwa gumzo la nchi nzima; baada ya msimu wa 2009 hakucheza tena NFL. Tom Brady mwaka 2000 alichukuliwa wa 199, na makwotabeki sita walitajwa kabla yake.

Sasa naomba mnisaidie. Mtu akikaa na video za mechi za kijana wa chuo, aangalie nini hasa? Na wa nafasi nyingine wanapimwa kwa jicho hilohilo?

Lukuledi (Lindi)

Kaka Bandarini, mimi nasimama na mwenzako wa mkono. Timu hazikusanyi vijana kule Indianapolis kila mwaka kwa ajili ya kufurahisha macho. Kwenye ile kombaini, yaani majaribio ya kabla ya drafti, wanakimbizwa yadi 40, kama mita 36 na nusu hivi. Wanaruka juu, wanaruka mbele, wengine wananyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Madaktari wanakagua magoti na mabega, timu zinawahoji mmoja mmoja. Kwotabeki anapimwa hadi kiganja, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kwa sababu kule kuna mvua na baridi na mpira unateleza. Daktari akishasema bega limekwisha, takwimu zako zitakusaidia nini?

Ninachokubali kwamba hakikuwa na maana ni ule mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12. Wenyewe waliuondoa kwenye kombaini mwaka 2022.

Mwalimu wa Michezo (Masasi)

Mdogo wangu Bandarini, nawe Lukuledi, nawasalimu. Swali hili nalipenda kuliko yote yanayoulizwa humu, kwa hiyo mnivumilie.

Mkono wa kutosha lazima awe nao. Ukishatosha, nguvu ya ziada haiamui mechi nyingi kama mnavyodhani. Mimi huchagua watoto wa Umisseta. Nikienda kutazama kiungo sikai jukwaani, nasimama nyuma ya goli, na macho yangu yako kwake wakati mpira ungali njiani kumfikia. Je, ameshageuza shingo kuona nani yuko nyuma yake? Anayegeuza shingo mapema namwandika, hata kama pasi yake ya siku hiyo imepotea. Kwotabeki naye mtazameni hivyo. Mpira ukishamtoka mkononi kazi yake imekwisha. Yote ya maana yametokea kabla, ndani ya sekunde zisizotimia tatu.

Kwa hiyo ukifungua video, usiufuate mpira. Fuata miguu yake na uso wake. Vyuo vingi vina mipango inayomrahisishia kijana: kocha anatoa ishara kutoka pembeni, kijana anamwangalia mpokeaji mmoja, anarusha, watu wanashangilia. Takwimu zinajaa kweli. Ila hujaona hata mara moja akimwangalia wa kwanza, akamkuta amebanwa, akahamia kwa wa pili na wa tatu, miguu ikigeuka pamoja na macho. Huko NFL ndiyo kazi ya kila siku.

Halafu ruka zile pasi fupi za pembeni, maana hazikuambii kitu. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi; nenda moja kwa moja kwenye jaribio la tatu, yadi nane au kumi zikiwa zimebaki. Hapo uwanja mzima unajua kwamba pasi inakuja. Wanaomlinda mbele wamepitwa, mtu wa kilo 120 anamjia kifuani. Kijana anaangalia wapi? Akianza kuwaangalia wanaomkimbiza badala ya wapokeaji wake, weka alama nyekundu. Akijisogeza hatua moja mbele, macho yakibaki juu, akarusha akijua ataumia, huyo rudia kumtazama hata saa tisa za usiku.

Mmemtaja Brady. Kila mtu anasimulia kwamba yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 5.28 na kwamba kwenye ile picha ya kombaini mwili wake haukuwa wa mwanamichezo. Lakini kabla ya kombaini ile, Januari 2000, alicheza Orange Bowl, mechi kubwa ya vyuo, akiwa na chuo chake cha Michigan dhidi ya Alabama. Michigan walikuwa nyuma kwa pointi 14, wakasawazisha, wakaachwa tena kwa pointi 14, wakasawazisha tena, wakashinda 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Brady alirusha yadi 369 na tachidauni nne. Ushahidi ulikuwepo kwenye video, watu wakashika saa ya kupimia mbio. Na hao Patriots waliomchukua na kuja kupata sifa zote nao walimwacha hadi raundi ya sita.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona watoto wengi huku kwetu wakiachwa kwa ufupi wao. Drew Brees ana mita 1.83 na alisubiri hadi raundi ya pili mwaka 2001. Russell Wilson ana mita 1.80, akasubiri hadi raundi ya tatu mwaka 2012. Wote wawili wametwaa Super Bowl, fainali ya NFL.

Angalia pia amecheza mechi ngapi. Mitchell Trubisky alianza mechi 13 tu North Carolina, Chicago wakamchukua wa pili mwaka 2017. Anthony Richardson alianza 13 Florida, Colts wakamchukua wa nne mwaka 2023. Brock Purdy alicheza misimu minne Iowa State, na mwaka 2022 alikuwa mtu wa mwisho kabisa kuitwa, wa 262. Februari 2024 aliianzisha San Francisco kwenye Super Bowl. Mechi chache zinakuonyesha kijana akiwa mgeni kwa wapinzani. Wakishamsoma, ndipo unamjua.

Nachingwea Damu

Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, hapa sikubaliani. Cam Newton alicheza Auburn msimu mmoja tu, akawa wa kwanza kwenye drafti ya 2011 na mchezaji bora wa ligi msimu wa 2015. Na Josh Allen? Wyoming pasi zake zilifika asilimia 56 tu. Watu wa takwimu wote walimkataa. Buffalo wakauona mkono na mwili, wakamchukua wa saba mwaka 2018, na msimu wa 2024 naye amekuwa mchezaji bora wa ligi. Mkono ndio uliofanya kazi pale.

Mwalimu wa Michezo (Masasi)

Marahaba, mwanangu. Umeleta mfano mzito na sitaukwepa.

Allen alikuwa na mkono, ni kweli. Russell naye alikuwa nao. Ukitaka kujua tofauti yao, tazama pia kilichofuata baada ya jina kuitwa. Buffalo walikaa na Allen misimu miwili migumu bila kumbadilishia kocha mkuu, wakamrekebisha miguu na namna ya kurusha, kisha 2020 wakamletea Stefon Diggs wa kumpokelea. Josh Rosen alichaguliwa siku ileile, wa kumi, na Arizona. Kocha akafukuzwa baada ya msimu mmoja, Rosen akauzwa Miami. Siwezi kuapa kwamba Rosen angekuwa Allen, ila hakuna aliyempa nafasi ya kujua.

Mrudieni Alex Smith, wa kwanza mwaka 2005. San Francisco walimbadilishia kocha wa mashambulizi karibu kila msimu, kila mara anajifunza lugha mpya ya mipango. Aaron Rodgers, drafti ileile, alishuka hadi wa 24, akakaa Green Bay nyuma ya Brett Favre misimu mitatu akitazama na kujifunza. Smith huyohuyo alipofika Kansas City alitulia, akacheza vizuri, na mwaka 2017 Patrick Mahomes alikaa nyuma yake karibu msimu mzima kabla ya kukabidhiwa timu. Kwa hiyo nikisoma orodha zinazompanga kijana bila kusema anakwenda wapi, naona nusu ya kazi haijafanyika.

Kuhusu nafasi nyingine ulizouliza, Bandarini: huko mwili na mbio vina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu maamuzi ni machache. Ezekiel Ansah, Mghana, alifika chuo cha BYU bila kujua mchezo huu, akaanza kuucheza mwaka 2010, na mwaka 2013 Detroit wakamchukua wa tano kukimbiza makwotabeki. Jordan Mailata alitoka kwenye ragbi Australia, hakuwa amecheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani Eagles walipomchukua wa 233 mwaka 2018. Kocha wao wa walinzi wa mbele akamfundisha kuanzia kusimama, na sasa ana pete ya Super Bowl. Kwotabeki wa namna hiyo hamtampata.

Na kwa kuwa sisi ni Watanzania, Hasheem Thabeet hatuwezi kumwacha. Drafti ya kikapu ya 2009 Memphis walimchukua wa pili, mita 2.21, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Alikuwa ameanza kikapu akiwa kijana mkubwa, alihitaji muda na mtu wa kukaa naye. Msimu wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ya chini, msimu wa pili haujaisha wakamuuza Houston. Watu huku wanasema alishindwa, na neno hilo silikubali.

Lukuledi (Lindi)

La Thabeet limenigusa, mwalimu. Bado nasema kombaini ibaki kwa ajili ya madaktari.

Mwalimu wa Michezo (Masasi)

Ibaki, sina ugomvi na madaktari.

Bandarini (Mtwara)

Asante sana mwalimu, asanteni wote. Nimewasomea wenzangu haya yote na tumebadilisha karatasi za mwaka huu. Kila jina la kwotabeki liandikwe na mechi mbili ambazo timu yake ilikuwa nyuma, alivyocheza majaribio ya tatu, na timu ambayo tungependa imchukue pamoja na sababu. Mwenzetu wa mkono amekubali, kwa sharti kwamba na umbali wa kurusha uandikwe. Raundi ya kwanza huku kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, nimeshaomba kubadilishiwa zamu.

Mwalimu wa Michezo (Masasi)

Ziwekeni hapa kabla ya siku hiyo. Nitazisoma zote.