Majani ya bustani Dar: masika nikate vipi, na kiangazi je?

Mama wa Goba

Habari za leo wadau. Nina uwanja mdogo mbele ya nyumba, Goba. Udongo ni mwekundu, ila upande wa geti fundi alimwaga kifusi na mchanga wakati wa ujenzi na vikabaki hapohapo. Sehemu ya jua nina ukoka, chini ya mwembe nimepanda majani ya pemba. Juzi nimenunua mashine ya kukatia majani, ya petroli, mtumba lakini inawaka vizuri, kwa sababu nimechoka na kijana wa kwanja. Anakuja mwisho wa mwezi, akimaliza uwanja umenyolewa kipara na wiki nzima tunatazama udongo.

Sasa nimeangalia video za Wamarekani mpaka bando limeisha. Wanasema majira ya joto kata juu juu, baridi ikija mashine weka stoo, Septemba mwaga mbegu. Sisi baridi yenyewe ni ile ya Julai ya kujifunika shuka! Kwangu Aprili majani yanafika magotini kabla sijageuka, Februari yamekuwa kahawia. Naomba mwenye uzoefu wa hapa hapa Dar aniambie: nikate urefu gani, kila baada ya muda gani, na yaliyokatwa niyaache au niyazoe?

Kimara Stopover

Dada tandika pevingi uishi kwa amani. Mashine uza.

Mtu wa Bondeni

Hizo pevingi zenu za huko mlimani ndizo zinazotushushia maji sisi huku chini kila masika. Mwacheni na majani yake, angalau yanakunywa.

Bustani za Pwani

Dada, kazi yangu ni bustani za watu: Mbezi Beach, Mbweni, na Kigamboni. Hao wa kwenye video hawadanganyi, ila majani yao yanalala kwa baridi. Ya kwetu yanalala kwa kiu. Kalenda yao iweke pembeni, utazame mvua.

Kwanza kipimo. Mimi natembea na kiberiti mfukoni. Ukikilaza kwa ubavu kinakupa kama sentimita 3 na nusu, ukikisimamisha kama 5. Ukoka wa nyumbani uache kwenye ubavu wa kiberiti, au juu yake kidogo. Pemba ina jani pana na matawi yanayotambaa juu ya udongo, ukiishusha chini ya kiberiti kilichosimama umekata mashina, unabaki na vijiti. Ipe 6 hadi 8, na hapo chini ya mwembe ongeza, kwenye kivuli jani refu linapata mwanga zaidi.

Halafu usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo. Unataka 4, kata yakifika 6. Ukinyoa kipara umeondoa majani yanayolisha mizizi, mizizi inabaki mifupi, na jua la Januari linaikuta juu juu.

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo kazi hasa. Kata kila wiki. Mvua ikikubana ukaruka wiki mbili, usishushe kwa siku moja, weka mashine kipimo cha juu kabisa, rudi baada ya siku tatu nne ndipo ushushe. Yakiwa yamelowa usiguse: yanaganda ndani ya mashine, tairi zinachora mifereji kwenye huo udongo mwekundu, na ukungu unasambaa. Subiri jua la saa saba. Mbolea pia usimwage katikati ya mvua kubwa. Huo upande wako wa kifusi na mchanga, naitrojeni inashuka na maji kabla mizizi haijaionja.

Juni hadi Agosti kusi inavuma, usiku joto linashuka nyuzi 18 au 19. Ukoka unapunguza mwendo tu. Kila wiki mbili au tatu inatosha.

Vuli haina adabu. Mwaka 2023 ilikuja na El Niño, nikawa nakata Desemba kana kwamba ni Aprili. Mwaka mwingine inanyunyiza na kuondoka. Utabiri wa msimu wa TMA, wale wa hali ya hewa, ukitoka usome, utakusaidia kupanga. Mvua ikishika, hapo ndipo pa kuweka mbolea na kuziba mapengo kwa kuchomeka vipando, vile vipande vya tawi vyenye vifundo. Na uwe unainama kuangalia: ukikuta majani yameliwa ghafla, pachunguze, viwavijeshi hupenda kuja mvua zinapoanza baada ya ukame.

Januari na Februari pandisha kisu. Ukoka usimame kiberiti kizima, ujitilie kivuli wenyewe. Maji mwagilia mengi, mara mbili kwa wiki, alfajiri. Kale kamchezo ka kunyunyiza kidogo kila jioni kanalowesha vumbi tu. Kama huna maji na yamegeuka kahawia, usikate kabisa. Ukoka una mashina chini ya udongo, mvua ikipiga utaona. Wenye visima vya chumvi huko ufukweni mimi huwa nawapandia paspalum, inavumilia, ila kwa Goba sidhani kama unaihitaji.

Yaliyokatwa, yakiwa mafupi yaache, yanairudishia ardhi naitrojeni. Yakilala mafungu mafungu zoa, tupia kwenye migomba.

Mbongo wa Louisville

Nipo Kentucky, niwatetee wa video kidogo. Huku ni ukanda wa katikati: kiangazi kina joto mno kwa majani ya baridi, na baridi ni kali mno kwa majani ya joto. Julai inapita nyuzi 30 kama Dar, Januari usiku iko chini ya sifuri. Wengi wanapanda fescue, ambayo asili yake ni ya baridi, ndiyo maana kiangazi wanaiacha sentimita 8 hadi 10 isiungue. Mbegu ni Septemba kwa sababu udongo bado una joto na hewa imeanza kupoa. Jirani yangu ana ukoka huohuo wenu. Barafu ya kwanza ikianguka unakuwa rangi ya makuti mpaka masika ya huku, yaani Aprili. Mashine tunaweka stoo Novemba. Dada wa Goba, stoo yako itakaa tupu.

Mama wa Goba

Asanteni sana, na kiberiti ninacho tayari. Maswali mawili kaka Bustani. Jana nimejaribu mashine, leo ncha zote zimekuwa nyeupe nyeupe kama zimechomwa. Na huyu kijana nimfanyeje? Ni mtu wa watu, sitaki kumfukuza.

Bustani za Pwani

Ncha nyeupe ni kisu butu, kinachana badala ya kukata. Chomoa waya wa plagi kwanza, mashine isije ikawaka na mkono wako uko chini. Fungua kisu, kinoe kwa tupa ukifuata mlalo wake uleule, pande zote mbili sawasawa. Kikizidi uzito upande mmoja mashine itatetemeka mpaka nati zitoke. Ukiilaza kufungua, plagi iwe juu, mafuta yasiingie kwenye kichujio cha hewa.

Kijana mbakize. Mpe mashine na umlipe kwa kila safari anayokuja. Wewe ulimlipa kwa mwezi, yeye angekata kidogo kwa nini, wakati ingembidi arudi wiki ijayo bure? Masika atakuja mara nyingi, kiangazi mara chache, na hela ifuate hivyohivyo.

Kimara Stopover

Haya, mimi wa pevingi nina swali. Kuna ndago zinatoboa katikati ya vitofali, nang'oa kila Jumamosi na zinarudi.

Bustani za Pwani

Unang'oa jani, kiazi kinabaki chini. Mvua ikilainisha udongo, fungua hivyo vitofali, chimba kwa kijiti ufuate uzi wake, maana kiazi kimoja kimeungana na vingine. Na usizitupe kwenye mbolea ya taka, zitaota huko. Zianike juani zikauke kabisa, kisha choma.