Mrejesho: mdomo kupinda ghafla, kisha kurudi sawa

Niliuliza kama mzee aliyepinda mdomo na kulegea mkono kwa dakika 10, kisha akarudi sawa, anaweza kungoja kliniki ya Jumatatu. Jibu: hapana. Hata dalili zikiisha, kiharusi kamili chaweza kufuata ndani ya siku mbili. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu hapo, na foleni ya magari ya Thika Road, Nairobi, huzila saa hizo. Pigia hospitali kwanza, uulize kama mashine ya CT (ya kupiga picha ya ubongo) inafanya kazi. Aspirini asipewe kabla ya picha. Huenda mshipa wa ubongo unavuja damu. Chai ya kumtuliza (haikosi mletaji!) pia hapana, koo likilegea itampalia. Sukari ipimwe, ikishuka huiga kiharusi.